Kusoma tena riwaya za Kiswahili ukubwani

Anayerudi kwenye riwaya za Kiswahili miaka mingi baada ya kumaliza shule hukwama mapema, na mara nyingi kitabu hakina kosa. Ama ameanza na kilicho kigumu kuliko vyote, ama amekifungua kwa macho ya mtihani: anasaka dhamira, anahesabu tamathali za semi, anasubiri swali. Siku Njema na Utengano ziliwahi kutahiniwa Kenya, Vuta N'kuvute Tanzania, na kwa wengi waliopita mikononi mwa walimu vitabu hivi vimebaki kuwa orodha ya wahusika na sifa zao. Hadithi yenyewe imefutika. Nimezisoma upya baadhi yake bila kalamu nyekundu, na hapa nazieleza kwa utaratibu niliosomea, kwa sababu utaratibu huo ndio ulioniwezesha kuendelea.

Kabla ya kusoma kuna kununua. Nakala nyingi zinazopatikana ni za mitumba au za kuchapwa upya kwa haraka, na kasoro yao kubwa ni kurasa zinazokosekana. Vitabu huchapwa kwa mafungu, kwa kawaida ya kurasa 16 au 32, kisha mafungu hushonwa au kugandishwa pamoja. Kwa hiyo kosa la kiwandani kwa kawaida haliondoi ukurasa mmoja peke yake: fungu zima linaruka, au linaingia mara mbili, au linakaa juu chini. Fuata namba za kurasa haraka kwa kidole gumba kuanzia mwanzo hadi mwisho, dakika mbili zinatosha, na uangalie hasa pale ambapo mshono unaonekana mgongoni mwa kitabu. Angalia pia ukurasa wa mwisho kama sentensi inafika kwenye nukta. Ukikosa kurasa 16 katikati ya hadithi ya upelelezi, kitabu chote kimekufa.

Jambo la pili ni utangulizi. Matoleo mengi yana utangulizi au dibaji ndefu ya mtaalamu, tena iliyoandikwa vizuri, ambayo inasema nani anakufa na kwa nini. Iruke. Irudie ukimaliza, na utafaidi zaidi maana utakuwa na hoja za kubishana nayo. Maswali ya marudio yaliyo nyuma ya matoleo ya shule ni ya kuruka moja kwa moja.

Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, na bado nadhani ndicho kitabu bora cha kuanzia. Kilitoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau, na ndicho kilichomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Kuna maiti, kuna mahali panapoogopwa kwa sababu ya mzimu, na kuna mtu anayekataa kukubali kwamba mzimu umeua. Hilo tu linatosha kukuvuta. Mazungumzo ya Kiunguja yanakwenda kwa kasi, na anayesoma kwa sauti ataona jinsi kila mhusika anavyosikika tofauti na mwenzake.

Kinachosumbua ni udugu. Fumbo la hadithi hizi limefichwa katika nasaba: nani alimzaa nani, nani alilelewa na nani, nani ana haki ya kurithi. Mtu akisoma kidogo kidogo kabla ya kulala, siku ya tatu hajui tena yupi ni mjomba wa nani. Dawa yake ni karatasi moja iliyokunjwa ndani ya jalada. Andika jina la kila mtu anapotokea kwa mara ya kwanza pamoja na namba ya ukurasa, halafu chora mistari ya uzazi na ndoa. Majina yasiyozidi kumi na tano yatatosha. Usiandike sifa za wahusika, hiyo ni kazi ya darasani. Andika uhusiano tu. Kasoro nyingine siwezi kuificha: mwishoni Bwana Msa anaeleza kila kitu kwa urefu, na msomaji aliyekwisha kung'amua atachoka. Zipitie kurasa hizo kwa kasi. Ukipenda kuendelea naye, Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 kinafuata vizuri.

Baada ya hapo nikachukua Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha mwaka 1972. Ni kifupi na kimebanwa: Mwinyi mwenye mali, Bahati msichana maskini, na Idi anayecheza kati yao. Kila mmoja ana kiu yake, na hakuna inayokatwa bila mwingine kuumia. Kisomwe kwa vikao viwili au vitatu, si zaidi, kwa sababu nguvu yake iko katika mkazo unaopanda, na ukikiacha wiki nzima mkazo unalegea. Ndicho kitabu kinachostahili kusifiwa zaidi kuliko kinavyosifiwa. Mwandishi haubebi ujumbe mgongoni; anawaacha watu wake watende, nawe unaona aibu kwa niaba yao.

Kisha ni Rosa Mistika na Utengano, na hapa nasema wazi: zisome mfululizo. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1971 na kikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Utengano cha Said Ahmed Mohamed kilitoka mwaka 1980. Kimoja kinaanzia Ukerewe katika familia ya Kikristo, kingine ni cha pwani katika nyumba ya Kiislamu, lakini mzizi wa yote mawili ni ule ule: baba anayedhani kumfungia binti ndiko kumlea. Zakaria anamchunga Rosa kwa ukali hadi msichana hajui hata kuzungumza na mvulana. Maksuudi, mheshimiwa mbele za watu, anawafungia ndani mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna. Siku mlango unapofunguka, kila binti anaingia duniani bila silaha.

Tofauti yao ndiyo iliyonishughulisha kuliko chochote kingine katika usomaji huu. Kezilahabi anakimbia. Rosa anaporomoka kwa kasi, sura baada ya sura, na mwandishi anatupa mara kwa mara maneno ya moja kwa moja kuhusu malezi na jamii. Hasira yake ni ya haki na ilihitaji ujasiri mwaka 1971. Hata hivyo, ukifunga kitabu unabaki na swali ambalo hakulijibu: kama lawama ni ya baba na ya wanaume waliomtumia, mbona mwili wa Rosa ndio unaolipa adhabu karibu yote? Said Ahmed Mohamed anakwenda polepole zaidi. Maimuna anaanguka vibaya, ulevi na ukahaba vyote vinamkuta, lakini anapewa nafasi ya kusimama tena na kusema. Kwa wapenda ufundi, Utengano ni bora: mandhari ya ndani ya nyumba ya Maksuudi yanabana kifua. Kwa ujasiri, Rosa Mistika bado haijapata mpinzani wa umri wake. Wasomaji wawili wakibishana juu ya hili jioni nzima, wote watakuwa na ushahidi.

Onyo moja, na nalisema kwa uzito. Rosa Mistika ina utoaji mimba na kujiua, na Kichwamaji cha mwandishi huyo huyo, cha mwaka 1974, kinaishi ndani ya kichwa cha Kazimoto, kijana msomi aliyekata tamaa na maisha. Si vitabu vya kusoma mfululizo wakati moyo una majeraha. Uzito wake haukai ndani ya kurasa, unatoka nao. Acha angalau kitabu kimoja chepesi kati ya kimoja na kingine. Kwa anayepitia kipindi kigumu, Kichwamaji kinaweza kusubiri mwaka mzima na hakitapoteza kitu.

Chepesi kilichonifaa katikati ni Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anamtafuta babake hadi Kitale. Ni riwaya ya safari, na ya Kiswahili kinachojivunia kuwa Kiswahili: methali, misemo, msamiati wa kupendeza karibu kila aya. Baadhi ya wasomaji huona mapambo hayo yamezidi, nami nakubaliana nao katika sehemu zinazotaka kasi, pale ambapo mtoto yuko taabani na lugha bado imevaa kanga mpya. Pia bahati inamwokoa Kongowea mara nyingi mno. Lakini kina joto ambalo vitabu vizito havina, na kijana anayetaka kuanza kusoma Kiswahili kwa raha apewe hiki.

Siku Njema ndicho kitakachokulazimisha kushika kamusi, kwa hiyo niseme namna ya kuitumia. Kusimama kwenye kila neno geni kunaua hadithi. Piga mstari mwembamba wa penseli chini ya neno, endelea, na mwisho wa sura rudi uyatazame yote kwa pamoja. Mengi utakuta yamekwisha kujieleza. Tafuta papo hapo neno lile tu ambalo bila hilo hujui nini kimetokea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ya mwaka 2015, zinatosha kwa karibu kila riwaya niliyoitaja.

Wengi hukosa neno ambalo kumbe limo, kwa sababu wanalitafuta katika umbo lililo kitabuni. Kitenzi kivue viambishi vya mwanzo kwanza: "walivyomnyanyapaa" kiko chini ya "nyanyapaa". Kisha ondoa minyambuliko ya mwishoni mmoja mmoja, "-isha", "-iana", "-ewa", hadi ufike kwenye mzizi, maana si kila mnyambuliko una kidahizo chake, yaani mahali pake penyewe katika orodha ya kamusi. Nomino itafute kwa umoja: "nyufa" ni "ufa", "mbavu" ni "ubavu", "nyuso" ni "uso". Ukikosa kabisa, huenda ni neno la lahaja au la mtaa fulani. Liache, hadithi itakusaidia. Kipimo changu ni hiki: kurasa tano mfululizo zikiwa na maneno zaidi ya kumi yasiyoeleweka kila ukurasa, kitabu hicho si cha sasa. Kiweke kando bila huzuni, urudi baada ya viwili vitatu.

Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999, ndicho kikubwa kuliko vyote hivi, na kwangu ndicho kilichosimama juu. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa Raza, mtu wa umri wa kuwa baba yake. Anatoroka, jamaa zake wanamkataa, na Mwajuma anampokea. Kisha anatokea Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepigana na utawala wa Mwingereza Zanzibar. Mapenzi na siasa vinavutana mpaka mwisho, na hakuna kinachotumika kama pambo la kingine. Adam Shafi ana jicho la mtaa: vichochoro, ngoma, polisi wanaobisha mlango usiku. Mazungumzo yake ndiyo bora kuliko ya yeyote niliyemsoma katika safari hii.

Panga kurasa 20 hadi 25 kwa kikao, na katika kila kikao maliza tukio zima badala ya kukata katikati, kwa sababu kitabu hiki kinabadilisha mahali na watu ghafla. Anayekatiza ovyo ndiye analalamika kwamba hadithi inarukaruka. Sehemu za mikutano ya kisiasa zina hotuba ndefu; zisome, usiziruke, maana baadaye ndizo zinazoeleza kwa nini Denge hawezi kuchagua maisha ya utulivu. Filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji ilitoka mwaka 2021. Ni nzuri, lakini itazame baada ya kusoma: filamu lazima ibane, na ukiiona kwanza sura za waigizaji zitachukua nafasi ya zile ambazo ungejichorea mwenyewe. Aliyependa upande wa harakati aendelee na Kuli cha mwandishi huyo huyo, cha mwaka 1979, kuhusu wafanyakazi wa bandarini Zanzibar na mgomo wa 1948. Kina hasira zaidi na ustadi pungufu.

Kusadikika cha Shaaban Robert kilinishangaza kwa namna isiyo ya kawaida: ni chembamba, na bado watu wengi hawakimalizi. Kilichapwa mwaka 1951, wakati Tanganyika iko chini ya Waingereza. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, Majivuno ndiye mshtaki, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Anayekwama hukwama kwenye mjumbe wa tatu, anapogundua kwamba muundo unajirudia. Kosa ni kusoma wajumbe watatu kwa mkupuo. Soma mjumbe mmoja kwa kikao kimoja, kwa sauti ikiwezekana, na usitazame nini kitampata kwa sababu unakijua tayari. Tazama kila mmoja ameleta nini na wakubwa wamepata kisingizio gani cha kukikataa. Visingizio ndivyo vinavyobadilika, na ndivyo vyenye uhai hadi leo.

Majina yakiwa ni sifa tupu, Karama, Majivuno na wenzao, usitarajie watu wenye pande mbili. Anayekuja kutoka kwa Adam Shafi ataona baridi. Ndiyo sababu nimekiweka baada na si kabla: sikio likiwa limezoea Kiswahili kirefu, sentensi za Shaaban zilizopimwa kwa mizani zinaanza kupendeza zenyewe. Mwisho wake, ambapo haki inashinda haraka, haukunishawishi. Kitabu kilichoonyesha kwa ukali namna dhuluma inavyojilinda kinasahau ukali huo dakika ya mwisho.

Tafsiri nayo ina nafasi yake. Peponi ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la babake, kisha anafuata misafara ya biashara kwenda bara wakati Wajerumani wanazidi kuingia. Kasi yake ni ya kutembea kwa miguu, na robo ya kwanza itamchosha anayetaka tukio kila ukurasa. Vumilia hadi msafara uondoke. Anayeikumbuka habari ya Nabii Yusuf na mke wa bwana wake ataona mapema kinachojengwa nyuma ya ukuta wa bustani. Asiyeikumbuka aipitie kwanza, katika Kurani au Biblia.

Kabla ya kufika kwenye kigumu kabisa, neno juu ya kuandika maoni, maana bila kuandika, baada ya vitabu vinne vyote vinageuka "kizuri". Andika siku ile ile unapomaliza, mistari mitano au sita, kabla ya kusoma utangulizi na kabla ya kumuuliza mtu. Mstari wa kwanza uwe tukio lililobaki kichwani, si muhtasari. Kisha tenganisha mambo matatu ambayo msomaji mwaminifu huyachanganya: sikuelewa, sikupenda, hakijaandikwa vizuri. Ukiwa hukuelewa, taja ukurasa ulipopotea. Mara nyingi kurudi kurasa kumi nyuma kunatosha. Ukiwa hukupenda, taja mhusika au uamuzi uliokuudhi. Ukisema hakijaandikwa vizuri, nukuu sentensi yenye kosa, na kama huipati, basi pengine jibu lako lilikuwa mojawapo ya yale mawili ya kwanza. Hukumu nyingi za kwamba fulani ameandika ovyo hufa kwenye hatua hii, yakiwemo malalamiko niliyokuwa nayo juu ya hotuba za Vuta N'kuvute.

Hukumu hii ya tatu ndiyo inayovionea Nagona cha mwaka 1990 na Mzingile cha mwaka 1991. Kezilahabi alikuwa amemaliza udaktari wake huko Wisconsin, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, katika mambo ya falsafa ya Kiafrika na fasihi, na vitabu hivi vinatokana na fikra hizo. Vyote ni vifupi, hakuna kinachofika kurasa mia moja, na ufupi huo ndio mtego: watu wanavichukua kwanza kwa kudhani ni vyepesi. Hakuna mpangilio wa kawaida wa visa, wakati haunyooki, na mambo yanakwenda kwa mantiki ya ndoto. Ukivisoma ukiuliza "halafu ikawaje?", vitakupiga chini ukurasa wa kumi.

Niliona vinasomeka hivi. Mara ya kwanza soma kitabu kizima kwa kikao kimoja, saa mbili hadi tatu, bila kamusi na bila kurudi nyuma, ukikubali usielewe. Siku ya pili soma tena, safari hii ukiweka alama pembeni kila taswira inaporudi: mwanga, njia, ukimya, kitabu. Mara ya tatu fuata alama zako tu, ulinganishe taswira ilivyokuwa mwanzo na ilivyo mwisho. Hapo ndipo maswali ya kitabu yanapojitokeza, juu ya ukweli, dini na maarifa, nayo ni maswali makubwa kweli. Nagona ilinipa thawabu katika usomaji wa pili. Mzingile sehemu yake bado imefungwa kwangu, nami naiandika chini ya "sikuelewa", pamoja na namba za kurasa. Anayetaka kuijaribu aanze na Nagona, asiache zaidi ya wiki kati ya hivyo viwili, na awe amekwisha kusoma Kichwamaji, kwa sababu maswali ya Kazimoto ndiyo yanayoendelea humo kwa sura nyingine.